Sukari ya Damu kwa Mgonjwa wa Kisukari Aliye Kwenye Dialisisi: Mwongozo Kamili

Mgonjwa wa kisukari anapoanza kusafishwa damu, mengi aliyoyazoea huacha kufanya kazi. Dozi ya insulini iliyomfaa kwa miaka inaweza kumwangusha usiku mmoja. Kipimo cha HbA1c, kinachokadiria wastani wa sukari ya miezi iliyopita, huanza kutoa majibu mazuri kuliko hali yenyewe. Baadhi ya vidonge alivyomeza kila siku vinakuwa sumu. Mwongozo huu ni wa mgonjwa, wa ndugu anayemhudumia nyumbani na wa muuguzi wa kitengo cha dialisisi. Dozi zilizotajwa humu ni za kujadiliwa na daktari anayemjua mgonjwa. Asiyemjua asizitumie kubahatisha.

Kwa nini sukari inabadilika tabia

Insulini inayotoka kwenye kongosho hupita kwanza kwenye ini, na sehemu kubwa huvunjwa humo. Insulini ya sindano haipiti njia hiyo, kwa hiyo figo ndizo hubeba mzigo mkubwa wa kuiondoa mwilini. Figo zikishindwa, uniti zile zile hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Tena, figo zenye afya hutengeneza glukosi mtu anapokuwa hajala, na mgonjwa wa dialisisi amepoteza sehemu kubwa ya akiba hiyo. Mambo hayo mawili, pamoja na hamu ndogo ya kula, huisukuma sukari chini.

Wakati huo huo, taka na asidi zinazorundikana kwenye damu huufanya mwili uikaidi insulini, na hapo sukari hupanda, hasa baada ya kula. Dialisisi inapoanza kuondoa taka hizo, ukaidi hupungua. Ndiyo maana wiki za kwanza za dialisisi ni kipindi cha kumwangalia mgonjwa kwa karibu sana: insulini inaanza kufanya kazi vizuri zaidi huku dozi ikiwa bado ni ile ya zamani. Wapo wanaofika mahali pa kuhitaji dawa kidogo mno au kutohitaji kabisa. Hilo lisichukuliwe kuwa kisukari kimepona. Mara nyingi ni ishara kwamba insulini haiondoki, na wakati mwingine kwamba mgonjwa anakonda na hali chakula cha kutosha.

Lengo liwe wapi

Mashine nyingine za kupimia sukari (glukomita) husoma kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL. Zidisha mmol/L kwa 18 upate mg/dL, kwa hiyo 10 mmol/L ni 180 mg/dL. Humu tunatumia mmol/L.

Kwa mgonjwa wa dialisisi anayetumia insulini, 6 hadi 10 kabla ya kula ni mahali salama pa kuanzia, na wakati wa kulala isiwe chini ya 7. Anayevaa kihisi kinachosoma sukari mfululizo alenge zaidi ya nusu ya muda wake kuwa kati ya 3.9 na 10, na muda wa kuwa chini ya 3.9 usifike asilimia 1, yaani usizidi takriban dakika 15 kwa siku nzima. Kijana asiye na ugonjwa wa moyo, anayesubiri kupandikizwa figo, anaweza kupewa lengo kali zaidi. Mzee anayeishi peke yake na aliyewahi kupoteza fahamu kwa sukari kushuka anastahili lengo lililolegezwa, na asilaumiwe akionekana na 11 au 12.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wengi bado wanaifukuzia sukari ya 5 kama walivyofundishwa kabla figo hazijafa. Kwenye dialisisi, sukari iliyoshuka sana huua haraka kuliko sukari ya 12.

HbA1c: usiiamini peke yake

HbA1c hupima sukari iliyoshikamana na hemoglobini katika maisha yote ya chembe nyekundu, ambayo kwa kawaida ni takriban siku 120. Kwa mgonjwa wa dialisisi chembe hizo hufa mapema. Sindano za kuongeza damu, yaani erithropoetini, huingiza chembe changa ambazo hazijakaa na sukari kwa muda. Damu ya kuongezewa huleta chembe za mtu mwingine. Yote matatu huishusha HbA1c kuliko hali halisi. Upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kuipandisha.

Kwa hiyo mgonjwa mwenye HbA1c ya asilimia 6.5 anaweza kuwa na sukari ya 12 nyumbani kila jioni, na daktari asiyeona daftari lake atampongeza. Wengi kwenye dialisisi hupewa lengo la asilimia 7.5 hadi 8.5. Itumie HbA1c kuangalia mwelekeo wa mgonjwa huyo huyo kutoka kipimo hadi kipimo, na kwa miezi mitatu tangu kuongezewa damu usiipe uzito wowote. Albumini yenye sukari na fruktosamini, vipimo vya sukari iliyoshikamana na protini za damu, huonyesha wiki mbili hadi tatu zilizopita na hazitegemei chembe nyekundu, lakini nazo hupotosha albumini ikiwa chini, kama ilivyo kwa wengi wa dialisisi ya tumbo (inayosafisha damu kwa maji ya mfuko yanayoingizwa tumboni) wanaopoteza protini kwenye maji wanayoyatoa. Ushahidi unaobaki ni namba za kidole zilizoandikwa vizuri, au kihisi. Kwa kihisi, soma kwanza maelezo ya mtengenezaji, kwani vingine havijaidhinishwa kwa wagonjwa wa dialisisi. Kikionyesha namba isiyolingana na unavyojisikia, pima kidole.

Kupima kwa usahihi

Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Mabaki ya tunda kwenye kidole yanatosha kuongeza namba kadhaa. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, na utumie mkono usio na fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya dialisisi): vidole vya upande wa fistula vinaweza kupata damu kidogo na kupona polepole, na mkono huo haufai kuchokozwa. Stripu zikae kwenye kopo lililofungwa, na tarehe yake iangaliwe.

Kuna mitego miwili ya glukomita ambayo si watu wote wanaelezwa. Wa kwanza ni upungufu wa damu. Damu ikiwa nyepesi, glukomita nyingi husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo 4.5 ya mgonjwa mwenye hemoglobini ndogo inaweza kuwa 4 kamili au chini yake. Maelezo ya stripu hutaja kiwango cha hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, kinachokubalika.

Mtego wa pili unamhusu anayetumia mfuko wa ikodekstrini (aina ya wanga inayotumika badala ya glukosi) kwenye dialisisi ya tumbo, nao umeshaua watu. Ikodekstrini huvunjika kuwa maltosi ndani ya damu. Stripu zinazotumia kimeng'enya cha GDH-PQQ huihesabu maltosi kama glukosi, kwa hiyo mashine inasoma 14 wakati sukari ya kweli ni 3. Mgonjwa anachomwa insulini akiwa tayari anazama. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi juu ya stripu hizo. Tumia glukomita inayopima glukosi peke yake, kama zile za oksidasi ya glukosi, na uhakikishe kwa maandishi kwenye kijikaratasi cha stripu. Maltosi hubaki kwenye damu kwa takriban wiki mbili baada ya kuacha ikodekstrini, hivyo tahadhari iendelee. Mgonjwa huyu abebe kadi inayosema anatumia ikodekstrini, kwa sababu mashine ya wodi ya dharura inaweza kuwa ile mbaya.

Anayetumia insulini apime kabla ya kila mlo na wakati wa kulala. Siku ya mashine, yaani siku ya kusafishwa damu, aongeze vipimo vitatu: kabla ya kuunganishwa, katikati, na mwisho. Mara moja moja apime saa tisa usiku, hasa baada ya dozi kubadilishwa.

Daftari liwe na kurasa mbili tofauti: moja ya siku za mashine, nyingine ya siku za kupumzika. Andika saa, sukari, insulini, alichokula, na uzito kabla na baada ya mashine. Ukizichanganya siku hizo kwenye ukurasa mmoja, wastani utaonekana mzuri huku mgonjwa akishuka kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa usiku na kupanda siku zinazobaki. Wagonjwa wengi wanahitaji mipango miwili ya insulini, na bila kurasa mbili hakuna atakayeligundua hilo.

Siku ya mashine, hatua kwa hatua

Kwanza, muulize muuguzi maji ya dialisisi yana glukosi kiasi gani. Mara nyingi ni 5.5 mmol/L, vitengo vingine hutumia 11. Glukosi ni chembe ndogo inayopita kwenye kichujio kwa urahisi, kwa hiyo sukari ya damu huvutwa kuelekea kiwango cha maji hayo. Mgonjwa aliyeingia na 18 atashushwa na mashine yenyewe kwa saa nne hata bila sindano. Maji yasiyo na glukosi kabisa hayamfai mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, kwani huendelea kunyonya sukari hata ikiwa tayari iko chini.

1. Kabla ya kutoka nyumbani, kula. Kuja mashine na tumbo tupu baada ya kudunga insulini ya asubuhi ndiyo njia ya uhakika ya kushuka saa ya pili. Insulini ya mlo unaotangulia mashine kwa kawaida hupunguzwa kwa asilimia 10 hadi 15, na kwa anayeshuka mara kwa mara hupunguzwa zaidi.

2. Pima ukifika, kabla ya kuunganishwa. Ikiwa chini ya 4, tibu kwanza kama ilivyoelezwa hapa chini, kisha uunganishwe. Ikiwa kati ya 4 na 7, kula gramu 20 hadi 30 za wanga unaosagwa polepole mwanzoni mwa kipindi. Ikiwa juu ya 15, usikimbilie sindano ya kurekebisha. Uliza kwanza: amesahau insulini ya jana? Ana homa? Ana kisukari cha aina ya kwanza? Kama hajisikii vibaya na hana ketoni (asidi zinazotengenezwa mwili ukikosa insulini), iache mashine ifanye kazi yake na upime tena katikati. Insulini ya haraka ikijumlishwa na mvuto wa mashine, mgonjwa atashuka akiwa njiani kurudi nyumbani.

3. Pima saa ya pili. Jasho, kizunguzungu na mapigo ya haraka yanaweza kuwa presha iliyoshuka au sukari iliyoshuka, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Pima vyote viwili kila mara. Tumeona ni kawaida kwa vitengo kupima presha, kuikuta chini, kurudisha maji na kuishia hapo. Zote mbili zinaweza kushuka kwa pamoja.

4. Pima mwisho, kabla sindano za fistula hazijatolewa. Ikikutwa chini, njia ya kuingizia glukosi bado ipo wazi. Asiruhusiwe kuondoka akiwa chini ya 5, na anayeendesha mwenyewe asishike usukani mpaka ipande juu ya hapo.

5. Saa chache baada ya mashine sukari inaweza kuruka juu. Sehemu ya insulini imeondoka na kichujio, homoni za kupambana na mshuko zimeamka, na mgonjwa anakula kwa njaa. Kipimo cha 14 jioni hiyo kisichomewe dozi kamili ya kurekebisha, kwa sababu saa zinazofuata, hasa usiku, ndizo za hatari ya kushuka. Kushuka usiku baada ya mashine ndiko mara nyingi hakugunduliwi, maana mgonjwa amechoka na amelala fofofo.

6. Insulini ya muda mrefu ya siku ya mashine mara nyingi hupunguzwa kwa takriban robo. Kama ni uniti 12 siku za kupumzika, jaribio la kwanza ni uniti 9 siku za mashine, kisha daftari liamue.

Kula wakati wa mashine huwashusha presha baadhi ya watu, kwani damu huelekea tumboni. Kama ni wewe, kula kidogo mwanzoni badala ya mlo mzima katikati.

Kupanga dozi ya insulini

Anayekuja na dozi ya zamani kwa kawaida hupunguziwa takriban nusu. Aliyekuwa na uniti 60 kwa siku ataanza na karibu 30. Anayeanza upya huanza na uniti 0.25 kwa kilo kwa siku. Tumia uzito mkavu, yaani ule wa baada ya mashine. Kilo tatu za maji hazihitaji insulini. Mgonjwa wa kilo 64 anapata uniti 16: 8 za muda mrefu, na 8 zinazobaki zigawanywe kwenye milo mitatu, kwa mfano 3, 2 na 3. Asiyekula mlo asidunge insulini ya mlo huo, lakini ile ya muda mrefu iendelee. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiikose insulini ya muda mrefu hata siku moja, hata kama hali chochote, maana bila hiyo ketoni na potasiamu vitapanda kwa saa chache.

Badilisha kidogo kidogo: uniti 1 hadi 2, au asilimia 10, kisha subiri angalau siku tatu. Kipimo kimoja chini ya 4 bila sababu iliyo wazi kinatosha kupunguza dozi inayohusika siku hiyo hiyo kwa asilimia 10 hadi 20. Kupanda kusubiri kuonekana mara kadhaa kwa saa ile ile.

Kosa linalowaangusha wengi ni kurundika dozi. Insulini ya kawaida, ile angavu ya zamani, kwa mtu mwenye figo zilizokufa inaweza kuendelea kufanya kazi kwa zaidi ya saa nane. Akidunga saa saba mchana, akapima saa tisa akaona 13 akaongeza, kisha akaongeza tena jioni, dozi zote tatu zitakutana usiku. Kati ya dozi za kurekebisha pawe na angalau saa tano, na kila moja iwe ndogo. Insulini za haraka za kisasa huisha mapema zaidi na kwa sababu hiyo ni salama kidogo, ingawa nazo huchelewa kuondoka. Insulini ya NPH, ile ya muda wa kati, ikidungwa jioni ina kilele katikati ya usiku. Kama mgonjwa anashuka saa nane au tisa usiku, iangalie hiyo kwanza.

Mgonjwa ambaye neva za tumbo zimeharibika hushiba haraka, hutapika chakula cha jana, na sukari yake hushuka mara tu baada ya kula kisha kupanda saa nne baadaye. Insulini inafika kabla ya chakula. Huyu adunge baada ya kumaliza mlo, kwa kadiri ya alichokula kweli. Na kabla ya kuongeza dozi kwa mtu yeyote ambaye sukari haishuki, papasa mahali anapodunga. Uvimbe mgumu chini ya ngozi hunyonya insulini ovyo. Akihamia ngozi nzuri, aanze na dozi ndogo, kwani yote itaingia.

Vidonge

Metformini iachwe kabisa, hujilimbikiza na kuleta asidi ya laktiki. Glibenklamidi iachwe kabisa pia. Mabaki yake hukaa na kushusha sukari kwa siku kadhaa. Glimepiridi nayo haifai. Ikibidi dawa ya kundi hilo, glipizidi ndiyo hupendelewa, kwa dozi ndogo inayoanzia miligramu 2.5. Dawa za kundi la empagliflozini na dapagliflozini hushusha sukari kupitia mkojo, kwa hiyo kwa mgonjwa huyu hazishushi sukari. Pioglitazoni hubakiza maji na haimfai mwenye moyo dhaifu.

Linagliptini miligramu 5 haihitaji kupunguzwa. Sitagliptini hupunguzwa hadi miligramu 25. Hizi mbili ni za upole na peke yake hazishushi mtu sana. Sindano za liraglutidi, dulaglutidi na semaglutidi hutumiwa kwa baadhi, lakini kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni tatizo kwa mtu ambaye tayari anakonda. Eksenatidi isitumike.

Sukari ikishuka

Chini ya 4, tibu hata kama mgonjwa anasema yuko sawa. Waliougua kisukari kwa miaka mingi hupoteza dalili, na dawa za presha kama propranololi huficha kutetemeka na mapigo ya haraka. Jasho kwa kawaida hubaki.

Mpe gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka: vidonge vya glukosi 4 au 5 vya gramu 4 kila kimoja, au vijiko vya chai 4 vya sukari kwenye mililita 50 hadi 100 za maji. Usimpe juisi ya machungwa, kwani ina potasiamu nyingi, wala soda nyeusi yenye fosfeti. Chokoleti huchelewa kwa sababu ya mafuta. Pima baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini ya 4. Ikivuka 4, mpe wanga wa polepole, gramu 15 hadi 20, kisha upime kila saa kwa saa kadhaa. Insulini iliyomshusha bado imo ndani na haitoki haraka. Wengi hupona na kushuka tena.

Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mdunge glukagoni miligramu 1 kama ipo, na uite msaada bila kuisubiri ifanye kazi, kwa maana mgonjwa aliyekonda ana akiba ndogo kwenye ini na glukagoni inaweza kushindwa. Akiwa kwenye mashine, ingiza glukosi ya asilimia 20, mililita 75 hadi 100, kupitia mrija unaorudisha damu kwa mgonjwa, yaani baada ya kichujio. Ukiiweka kabla ya kichujio, sehemu yake itaishia kwenye maji machafu. Aliyeshushwa na glibenklamidi au dawa ya kundi hilo alazwe. Sukari inaweza kushuka tena kwa saa 24 hadi 72.

Sukari ikipanda

Mtu mwenye figo hukojoa sukari inapozidi. Asiyekojoa hana njia hiyo. Sukari inabaki kwenye damu, inavuta maji kutoka ndani ya seli, presha inapanda, sodiamu inashuka, potasiamu inapanda. Kiu inakuwa kali, mgonjwa anakunywa, na maji yanaishia kwenye mapafu. Kwa hiyo anayekuja na kilo nne za maji kila mara asikemewe kwamba hana nidhamu kabla daftari la sukari halijaangaliwa. Kiu ya sukari ya 18 haishindwi kwa nia njema.

Kwa sababu hakojoi, anaweza kufika 40 bila kukauka maji na akaonekana mchovu tu. Tiba yake ni insulini, kwa dozi ndogo inayofuatiliwa, na potasiamu ipimwe mapema. Lita za dripu anazopewa mtu mwingine mwenye sukari kama hiyo zinaweza kumzamisha huyu. Ndugu amwambie wazi mhudumu wa dharura: huyu yuko kwenye dialisisi na hakojoi. Ketoni zipimwe kwenye damu. Nenda hospitali mara moja kukiwa na sukari juu ya 20 mara mbili mfululizo, ketoni za damu 3 au zaidi, kutapika, kuhema, udhaifu wa misuli au kuchanganyikiwa.

Dialisisi ya tumbo

Hapa sukari inaingia kutoka kwenye mfuko. Mfuko wa lita 2 wa asilimia 1.36 una gramu 27 za glukosi, wa 2.27 una 45, wa 3.86 una 77. Anayebadilisha mara nne, mitatu ya 1.36 na mmoja wa 2.27, ameweka tumboni karibu gramu 127. Mwili ukifyonza asilimia 60 hadi 80, ni gramu 76 hadi 102, karibu kilokalori 300 au zaidi, ambazo mtaalamu wa lishe lazima azihesabu.

Pima kabla ya kila badilisho. Anayetumia mashine inayobadilisha maji ya tumbo usiku hupokea glukosi nyingi akiwa amelala, kwa hiyo insulini ya NPH au ya mchanganyiko jioni humfaa, ila usiku ambao mashine haikuunganishwa dozi hiyo lazima ipunguzwe. Mpango huo uandikwe mapema. Njia bora ya kupunguza glukosi ni kupunguza chumvi, ili mifuko mikali isihitajike, na kutumia ikodekstrini kwa kipindi kirefu kimoja cha siku. Sukari ya damu ikiwa juu sana, mfuko hushindwa kuvuta maji, na hapo watu hukimbilia mfuko mkali zaidi na kuongeza tatizo. Shusha sukari kwanza. Kuweka insulini ndani ya mfuko hatukushauri, kwani kila sindano inayotoboa mfuko ni mlango wa maambukizi ya tumbo. Dunga chini ya ngozi, mbali na tundu la katheta, yaani mrija wa tumboni.

Chakula, kwa ufupi

Protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa siku, nishati kilokalori 25 hadi 35 kwa kilo. Wanga ugawanywe sawasawa kwenye milo, usirundikwe mlo mmoja. Orodha ya kisukari na orodha ya figo hugongana: nafaka isiyokobolewa ni nzuri kwa sukari ila ina fosfeti na potasiamu zaidi. Ikibidi kuchagua, usimwache mgonjwa na orodha ya makatazo hadi abaki bila chakula. Chakula chenye wanga kinachofunikwa na insulini ndogo ni bora kuliko kukonda.

Lini dozi ipitiwe upya

Usisubiri kliniki ya kawaida yakitokea haya: uzito mkavu umeshuka, hamu ya kula imepotea, saa ya mashine imehamishwa kutoka asubuhi hadi jioni, kiwango cha glukosi kwenye maji ya dialisisi kimebadilishwa, mfuko wa tumbo umebadilishwa, kuna homa au kidonda cha mguu, au dawa za steroidi zimeanzishwa. Steroidi ya asubuhi hupandisha sukari ya mchana na jioni zaidi ya ile ya alfajiri, kwa hiyo ongeza insulini ya milo hiyo. Zinapositishwa, dozi iliyoongezwa irudishwe chini kwa hatua zile zile ambazo steroidi inapunguzwa, kuanzia siku ya kwanza ya kupunguza.